Kabla ya Kumtafuta Mnunuzi, Fungua Bahasha

Mwisho wa Januari una desturi yake katika nyumba zetu. Karo za shule zinadaiwa, barua za uhamisho zimekwisha kufika kambini, na mtu aliyeishi kwa amani mwaka mzima huanza kuitazama nyumba yake kana kwamba ni gunia la maharage, la kupelekwa sokoni asubuhi na kugeuzwa fedha kabla ya jua kutua. Safu hii imekwisha kuzungumzia jinsi ya kujenga nyumba kidogo kidogo kwa mshahara wa askari. Leo tuzungumzie kuiuza, au kwa usemi ulio sahihi zaidi, karatasi zipasazo kuwa tayari kabla mnunuzi hajabisha hodi.

Jumapili moja alinijia sajini mmoja wa jeshi, jirani yangu wa zamani, na bahasha ya kaki chini ya kwapa. Kwa kuwa nilisomea ualimu kabla ya kuajiriwa ofisini, majirani wangali wakiniita mwalimu, nao huniletea karatasi zao kama wanafunzi waletavyo madaftari. Jambo lake ni jambo la wengi, na amenipa ruhusa niliandike bila kumtaja jina.

"Mwalimu," akasema, "mnunuzi nimekwisha kumpata. Kesho saa nne tunatia sahihi. Nataka utazame tu kama hizi zinatosha."

Bahasha ilikuwa na karatasi nne. Ya kwanza ilikuwa mapatano ya kununua kibanja katika wilaya ya Wakiso, ya mwaka 2011, yaliyoandikwa kwa kalamu ya wino katika ukurasa uliochanwa daftarini, chini yake sahihi mbili na dole gumba moja. Ya pili ilikuwa barua ya mwenyekiti wa kijiji yenye muhuri uliofifia hata hausomeki. Ya tatu ilikuwa fungu la stakabadhi za matofali, saruji na mabati, zilizotunzwa kwa uaminifu mkubwa na kufungwa kwa uzi. Ya nne haikuwa karatasi ya sheria hata kidogo. Ilikuwa picha ya nyumba yenyewe, mkewe na watoto watatu wamesimama mlangoni.

Nikamwuliza maswali matatu. Ardhi iliyo chini ya nyumba ni ya nani? Dole gumba hili ni la nani, na nani aliyemsomea maandishi kabla hajalibonyeza? Na mama watoto anasemaje?

Mawili ya kwanza aliyafikiri. La tatu lilimkasirisha. "Nyumba nimeijenga mimi," akasema, "kwa fedha za Somalia."

Na tuanze na ardhi, maana hapo ndipo wengi wanapojikwaa. Katiba yetu ya 1995 inatambua namna nne za kumiliki ardhi: ya kimila, ya kudumu ambayo huitwa frihodi, ya mailo, na ile ya kukodishwa kwa miaka maalumu, yaani lizi. Mailo ni jina lililotokana na maili za mraba zilizogawiwa wakuu wa Buganda kwa Mapatano ya 1900, na juu ya ardhi hiyo ya mailo ndipo vilipo vibanja vingi. Mwenye kibanja ana haki ya kukaa, kulima na kujenga, naye aweza kuiuza haki hiyo. Asichoweza kuuza ni ardhi yenyewe, kwa kuwa si yake. Askari wengi hununua kibanja, hujenga nyumba ya matofali ya kuchoma, huweka mabati ya rangi, kisha husahau kabisa kwamba chini ya msingi ule kuna mtu mwingine ambaye jina lake limo katika hati.

Mtu huyo sheria haikumsahau. Sheria ya Ardhi ya 1998 inamtaka mwenye kibanja anayetaka kuuza ampe kwanza mwenye ardhi nafasi ya kununua. Marekebisho ya 2010 yalitia makali: auzaye kibanja bila kumpa mwenye ardhi nafasi hiyo ya kwanza ametenda kosa, na adhabu iliyoandikwa mwaka ule ilikuwa faini isiyozidi shilingi 1,920,000, au kifungo kisichozidi miaka 4, au vyote viwili. Lakini faini si jambo zito kuliko yote. Zito ni kwamba mauzo hayo ni batili, na haki ya kibanja hurudi kwa mwenye ardhi. Yaani muuzaji amepoteza nyumba, mnunuzi amepoteza fedha, na wawili hao, waliopeana mikono kwa furaha, sasa wanatafutana.

Kwa hiyo basi karatasi ya kwanza ya kutafuta ni barua. Mwandikie mwenye ardhi kwamba unakusudia kuuza, taja bei, na umwombe jibu la maandishi. Andika nakala mbili. Moja abaki nayo, ya pili aitie sahihi na tarehe kuonyesha kwamba ameipokea, uirudishe katika bahasha yako. Akijibu kwamba hataki kununua, na kwamba anakubali mtu mwingine aingie, jibu hilo lina thamani kuliko mabati yote ya nyumba yako. Pamoja na barua hiyo tafuta stakabadhi za busulu, ile kodi ndogo ya kila mwaka. Wengine hudharau kuilipa kwa kuwa ni fedha kidogo, nami huwaambia kwamba fedha ni kidogo lakini stakabadhi ni kubwa, kwa sababu inaonyesha kwamba mwenye ardhi anakutambua.

Itazame pia asili ya kibanja chako. Sheria haimlindi kila mtu aliyejenga kibanda. Inamlinda aliyeingia kwa ruhusa ya mwenye ardhi, inawalinda wapangaji wa zamani waliotambuliwa na sheria ya busulu na envujo ya 1928, na inamlinda aliyekaa au kuitumia ardhi kwa miaka 12 au zaidi kabla ya Katiba ya 1995 bila kupingwa na mwenyewe, pamoja na walioipata haki kutoka kwake. Ikiwa aliyekuuzia aliingia juzi juzi kwa mlango wa nyuma, hakuwa na kitu cha kukuuzia, nawe huna kitu cha kumwuzia mwingine. Sajini wetu hakuwa amewahi kumwona mwenye ardhi. Alijua tu kwamba mzee aliyemwuzia, ambaye sasa ni marehemu, alizaliwa pale na kuzikwa pale.

Dole gumba lilikuwa la mzee huyo. Hapana aibu katika dole gumba. Wazazi wetu wengi hawakupata bahati ya shule. Ila sheria ya kuwalinda wasiojua kusoma inamtaka mtu anayemwandikia mwenziwe hati aandike katika hati hiyo hiyo jina lake kamili na anwani yake, na kwa kufanya hivyo anathibitisha kwamba aliyaandika aliyoelezwa, akamsomea mwenyewe na kumfafanulia. Hati ya sajini haikuwa na jina la mwandishi. Mashahidi walikuwa wawili. Mmoja amekwisha kufa, wa pili amehamia Masindi. Nikamshauri amtafute huyo wa Masindi angali hai, aandike kiapo mbele ya kamishna wa viapo kueleza aliyoyaona siku ile. Kazi kama hii hufanywa vyema wakati hakuna ugomvi. Ugomvi ukishaanza, shahidi huogopa, au hupata bei.

Sasa nirudi kwenye swali la tatu, lile lililomkasirisha, kwa maana ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Mabadiliko ya Sheria ya Ardhi yaliyopitishwa mwaka 2004 yanasema kwamba mtu hawezi kuuza, kuweka rehani wala kutoa ardhi ya familia ila kwa ridhaa ya mwenzi wake wa ndoa, iliyotolewa kabla. Ardhi ya familia ni ile yenye nyumba ambamo familia hukaa kwa kawaida, pamoja na ile inayoipatia familia riziki yake. Sheria haikuuliza jina la nani limeandikwa katika mapatano. Haikuuliza fedha zilitoka Somalia au zilitoka katika biashara ya chapati. Ridhaa hiyo huandikwa katika fomu maalumu na kutiwa sahihi. Ikikosekana, mauzo ni batili, hata kama mnunuzi alinunua kwa moyo safi. Atakalobaki nalo ni haki ya kukudai wewe fedha zake. Na lile neno "kabla" lina uzito wake. Kumwita mke atie sahihi wakati fedha zimekwisha kuhesabiwa mezani na mnunuzi anatazama saa yake, huko si kuomba ridhaa.

Sheria hiyo haibagui. Askari wa kike mwenye nyumba ya familia anahitaji ridhaa ya mumewe vile vile. Tena mwenzi hana ruhusa ya kukataa bila sababu ya haki. Akikataa hivyo, yuko hakimu wa kuamua. Kwa upande wa pili, mwenzi ambaye jina lake halimo katika hati aweza kuweka zuio kwa msajili wa hati, ambalo wengi huliita kaveti. Zuio la kawaida laweza kuondoka siku 60 baada ya mwenyewe kuarifiwa, asipochukua hatua. Lakini hilo la mwenzi wa ndoa halifutiki kwa kupita siku maadamu haki yake ya kukaa ingalipo. Akina mama mnaosoma ukurasa huu wakati baba yuko safarini, likumbukeni. Kumbukeni pia kwamba sheria inasema juu ya ndoa. Waliooana kanisani, msikitini, kwa mkuu wa wilaya au kwa mila, wote wana ndoa, na ndoa ya mila yafaa isajiliwe. Waliokaa pamoja miaka kumi bila lolote la haya wako katika hali dhaifu, na ni afadhali walijue hilo leo kuliko kulijua mbele ya hakimu.

Sajini alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba hakuwa na hofu ya kukataliwa. Hofu yake ilikuwa kuulizwa. Nikaelewa nilipoichukua ile picha na kuitazama tena. Nyuma ya nyumba, chini ya mparachichi, palionekana msalaba mdogo wa saruji. Mtoto wao wa pili alifariki mwaka 2016, baba akiwa kazini nje ya nchi, na mama ndiye aliyemzika.

Hapo nikaacha kusema habari za sheria kwa muda, tukanywa chai.

Kaburi halimo katika orodha ya fomu za Wizara ya Ardhi, lakini katika nchi hii, ambako tunawazika wapendwa wetu nyumbani, ni jambo la kuandikwa. Muuzaji na mnunuzi wana njia mbili. Ama wakubaliane kwamba makaburi yatahamishwa, kwa kufuata taratibu za serikali ya mitaa na za afya na kwa heshima ipasayo, na waseme nani atalipa. Ama wakubaliane kwamba kipande kile kitabaki, kitapimwa, na jamaa wa marehemu watakuwa na njia ya kukifikia. Lisiloandikwa husahauliwa na mnunuzi wa pili, yule atakayenunua kwa mnunuzi wako miaka mitano baadaye, ambaye hakupeana nawe mkono.

Nikampeleka sajini nyumbani kwake kwa pikipiki, na mnunuzi akapigiwa simu kuambiwa angoje.

Mengine niliyomweleza nayataja hapa kwa kuwa wasomaji wengine hawana kibanja bali wana hati kamili. Mwenye hati asijivune mno. Aende kwanza katika ofisi ya kanda ya Wizara ya Ardhi inayohusika, kama vile Wakiso, Mukono, Mbarara, Gulu au Arua, alipe ada, apewe taarifa ya uchunguzi wa hati yake mwenyewe. Wapo waliokuta zuio lililowekwa na ndugu ambaye hula naye sikukuu. Wapo waliokuta rehani ya mkopo waliokwisha kuulipa zamani, kwa sababu walipomaliza deni walishangilia na kwenda zao bila kudai hati ya kuachiliwa rehani na kuipeleka kwa msajili. Ikiwa uliweka nyumba dhamana katika benki au katika chama cha akiba na mikopo, kama Wazalendo kwa wanajeshi au Exodus kwa polisi, omba barua ya kumaliza deni sasa, wakati makarani hawana haraka.

Mwenye lizi ahesabu miaka. Lizi nyingi hutolewa kwanza kwa miaka 5, kisha huongezwa kufikia 49 baada ya mwenyewe kujenga. Nimeona nyumba nzuri inauzwa juu ya lizi ya miaka 5 iliyokwisha kupita, na mwenye nyumba anashangaa kwa nini wanunuzi wanakimbia. Aliyekukodisha, iwe ni bodi ya ardhi ya wilaya au Tume ya Ardhi ya Uganda au mtu binafsi, atakiwa kutoa idhini ya uhamisho, naye atataka kwanza kuona stakabadhi za kodi ya ardhi.

Mipaka nayo ifunguliwe. Mpima ardhi aliyesajiliwa aje na ramani, ayatafute mawe, na majirani waitwe waone. Jirani aliyepanda ua ndani ya kiwanja chako kwa hatua mbili hatakusumbua miaka yote unapokaa naye. Atakusumbua siku mnunuzi anapokuja. Na kama hati imepotea, usimpigie simu mnunuzi. Piga ripoti polisi, andika kiapo, umwombe msajili hati maalumu ya badala. Tangazo lake ni lazima litoke katika Gazeti la Serikali, na notisi ni ya mwezi mmoja kwa uchache. Mnunuzi mwenye busara akisikia "hati imepotea" siku ya malipo, huondoka, nami simlaumu.

Kuna jambo linalowapata askari kuliko raia wengine, nalo ni la majina. Kijana aliandikishwa jeshini kwa jina moja, akanunua ardhi kwa jina la nyumbani, na kitambulisho cha taifa kikaja na majina yaliyopangwa kinyume, au herufi moja imebadilika. Yeye anajijua kuwa ni mtu mmoja. Msajili anaona watu watatu. Panga kitambulisho, hati au mapatano, na cheti cha kodi mezani, uyasome majina herufi kwa herufi. Penye tofauti ndogo, kiapo mbele ya kamishna wa viapo huweza kueleza kwamba majina yote ni ya mtu mmoja. Penye tofauti kubwa, fuata njia kamili ya kubadili jina. Kazi hii hula majuma kadhaa, na ndiyo maana haifai kuanzwa mnunuzi akiwa mlangoni.

Aidha askari aendaye mbali hupenda kumwachia ndugu yake hati ya uwakilishi, ile inayompa mwingine mamlaka ya kutenda kwa jina lako. Si vibaya. Lakini isiwe ya jumla, isemayo kwamba ndugu aweza kufanya lolote juu ya mali yote. Itaje nyumba ipi, kazi ipi, kwa bei isiyopungua kiasi gani, na fedha ziingie akaunti ya nani, kisha isajiliwe. Na jamaa wajue kwamba hati hiyo hufa pamoja na aliyeitoa. Ndugu akiuza nyumba kwa hati ya uwakilishi ya askari ambaye amekwisha kufariki, hajauza kitu.

Hapo twaingia katika nyumba za urithi, nami naungama kosa letu wenyewe. Baba yetu alipofariki, kaka zangu nami tulipokea nusu ya bei ya nyumba yake kabla ya kutambua kwamba hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa na mamlaka ya kuiuza. Tulidhani kuwa watoto wake kunatosha. Haikutosha. Ilitubidi kupata cheti cha kifo, kikao cha ukoo chenye kumbukumbu zilizoandikwa, barua ya kijiji, cheti cha kutokuwa na pingamizi kutoka kwa Msimamizi Mkuu wa Mali za Marehemu, kisha hati ya usimamizi wa mirathi kutoka mahakamani, na mwisho jina la msimamizi kuingizwa katika hati ya ardhi. Miezi kumi na minne ilipita. Fedha za mnunuzi zilikuwa zimekwisha kuliwa katika matanga, naye alikuwa mtu mpole kuliko tulivyostahili. Na mjane asisahauliwe katika haraka hizo. Marekebisho ya Sheria ya Urithi ya 2022 yalizidi kumlinda yeye na watoto wasitolewe katika nyumba waliyokaa na marehemu.

Siku ya mapatano yenyewe sitaisema kwa urefu. Mtafute wakili wako, asiwe yule yule wa mnunuzi. Mapatano yataje mahali, ukubwa, bei kwa tarakimu na kwa maneno, awamu za malipo, siku ya kukabidhi funguo, na nani atalipa deni la maji na umeme. Kama una wapangaji, orodha yao na fedha walizotanguliza ziwekwe wazi. Malipo yapite benki. Hati halisi usiitoe mkononi kabla ya shilingi ya mwisho kufika, au iwekwe kwa wakili mliyekubaliana. Ushuru wa stempu kwa uhamisho wa ardhi yenye hati ni asilimia 1.5 ya thamani, na thamani hiyo huamuliwa na mthamini wa serikali, si maneno yenu. Nyumba iliyothaminiwa shilingi milioni 60 italipiwa shilingi 900,000. Kwa desturi mnunuzi ndiye alipaye, lakini liandikwe. Mwenyekiti wa kijiji ni shahidi mzuri kwa sababu anawajua majirani na mipaka. Ile asilimia 10 inayodaiwa katika vijiji vingi kwa ajili ya muhuri wake ni mazoea, si sheria, na kuijadili mapema kwa adabu ni bora kuliko kugombana nayo siku ya mwisho.

Sajini alikwenda nyumbani Ijumaa iliyofuata, akakaa siku tatu. Mkewe hakukataa. Aliuliza maswali mawili tu: tutalala wapi, na mtoto atabaki na nani. La kwanza mumewe hakuwa na jibu lake, wakakaa mpaka usiku wa manane wakipiga hesabu kwa upande wa nyuma wa zile stakabadhi za mabati. Mnunuzi wa kwanza hakungoja; alikwenda kununua kwingine. Mwenye ardhi, bibi mmoja aliyerithi kwa baba yake, alipatikana mwezi wa Machi. Alidai busulu ya miaka iliyosalia, akapewa stakabadhi yake, akaandika kwamba hakusudii kununua na hana pingamizi. Shahidi wa Masindi aliapa. Nyumba iliuzwa mwezi wa Mei, kwa shilingi milioni tano chini ya bei ya mnunuzi wa kwanza, na sajini hakunificha kwamba milioni hizo zilimwuma.

Katika mapatano kuna kifungu kimoja alichokitunga mkewe, na wakili akakiweka katika lugha ya sheria: mraba wa hatua sita kwa sita chini ya mparachichi haukuuzwa, na njia ya kuufikia itakuwa wazi, kwa mnunuzi na kwa yeyote atakayenunua kwake. Bibi mwenye ardhi naye alitia sahihi pembeni mwa kifungu hicho, na mpima akaweka mawe manne madogo. Kiwanja kipya walichonunua kwa sehemu ya fedha kiko Luweero, nacho kimeandikwa kwa majina yao wote wawili.

Juzi sajini alipita kwangu akielekea kituo chake kipya. Bahasha ya kaki ilikuwa imenenepa. Nilihesabu karatasi kumi na moja. Picha hakunionyesha safari hii. Alisema imebaki kwa mama watoto.

Juma lijalo, kwa maombi ya akina mama wa kambini, tutazungumza juu ya kuhifadhi maharage yasiliwe na fukusi.